Bure na Huria: Uchapishaji wa Kitaaluma Katika Chuo Kikuu Chenye Uwezo Mdogo

Kitenzi chapa na kitenzi chapisha vinatenganishwa na kiambishi kimoja tu, lakini kazi zinazotajwa na vitenzi hivyo ziko mbalimbali sana: mchapaji ni mwenye mtambo, wino na karatasi, ilhali mchapishaji ni yule anayeamua kwamba mswada fulani unastahili kusomwa, anayeugharimia, anayesimamia uhariri wake, na anayebeba lawama unapotoka na makosa. Kwa karne kadhaa tofauti hiyo haikuonekana wazi, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuchapisha pasipo mtu mwingine kuchapa. Mtandao ndio ulioifichua, maana leo chuo kikuu kinaweza kuchapisha vitabu na majarida mwaka mzima bila kumiliki mtambo hata mmoja, na hapo ndipo linapozuka kosa ambalo mhadhara huu unakusudia kulijadili, yaani imani kwamba mtambo ulipoondoka uliondoka na gharama zake.

Utaratibu unaozungumziwa hapa huitwa ufikiaji huria. Maana yake ni kwamba maandishi ya kitaaluma huwekwa kwenye intaneti ili mtu yeyote ayasome, ayapakue, ayanakili na kuyasambaza bila malipo na bila kuomba ruhusa kila mara, almradi amtaje mwandishi. Jina na fasili hiyo vilipata umbo lake kutokana na mkutano mdogo uliofanyika Budapest mwezi Desemba 2001, ambao tamko lake lilitolewa Februari 2002, na mwaka uliofuata yakatoka matamko mengine mawili, la Bethesda na la Berlin, yaliyoikaza fasili hiyohiyo. Inafaa kushikilia neno huria badala ya kuridhika na neno bure, si kwa sababu ya upendo wa istilahi, bali kwa sababu bure katika Kiswahili lina pande mbili: hutaja kitu kisicholipiwa, na hutaja pia kitu kisicho na faida, kama pale mtu anapoambiwa kwamba anajisumbua bure. Wakuu wa vyuo wanaoambiwa kwamba vitabu vya chuo vitatolewa bure huelekea kusikia pande zote mbili kwa pamoja, na bajeti wanayoitenga huwa ushahidi wa walichokisikia.

Gharama zenyewe si siri. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2016 na taasisi ya Ithaka S+R, kwa kupitia hesabu za wachapishaji 20 wa vyuo vikuu vya huko, uligundua kwamba kutayarisha kitabu kimoja cha kitaaluma, kabla ya kuhesabu karatasi na uchapaji, kuligharimu kuanzia takriban dola 15,000 hadi karibu dola 130,000. Mishahara ya Marekani si mishahara ya Dodoma wala Eldoret, kwa hiyo tarakimu hizo hazifai kuhamishwa zilivyo, ila mgawanyo wake unafundisha jambo: sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa watu. Ilimlipa mhariri anayesoma mswada mara tatu, msanifu wa kurasa, msomaji wa prufu, na yule anayewaandikia wapitiaji barua za kuwakumbusha ahadi yao. Hakuna hata mmoja wa hao anayeondolewa na intaneti.

Swali basi ni nani alipe. Njia iliyoenea zaidi miongoni mwa wachapishaji wakubwa wa kibiashara ni kumtoza mwandishi, au chuo chake, ada ya kuchapishiwa makala, na ada hiyo imefika mbali: jarida la Nature lilipofungua mlango wa ufikiaji huria mwaka 2021 lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Wapo wachapishaji wanaotoa msamaha kwa waandishi wa nchi maskini, na baadhi yao hufuata orodha ya Benki ya Dunia inayopanga nchi kwa kipato, jambo lenye kioja chake, kwa kuwa Tanzania ilipopandishwa daraja mwezi Julai 2020 na kuingia katika nchi za kipato cha kati cha chini, mshahara wa mhadhiri haukupanda siku hiyo, ila kwa wachapishaji wa aina hiyo nchi yake ilihama kutoka kundi la wanaosamehewa ada yote kwenda kundi la wanaosamehewa sehemu tu. Chini ya ngazi hiyo limezuka soko la majarida ya kitapeli, yanayopokea ada na kuchapisha chochote kwa siku chache bila mapitio yoyote, nayo huvuna zaidi palepale ambapo kupanda cheo kunategemea kuhesabu makala badala ya kuzisoma.

Njia ya pili, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu, humwacha mwandishi na msomaji wote wawili bila malipo, na mzigo hubebwa na taasisi. Wataalamu huiita ufikiaji huria wa almasi, jina la fahari kidogo kwa jambo ambalo kwa kawaida huendeshwa na watu wawili katika chumba kimoja cha ghorofa ya chini ya maktaba. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba majarida ya aina hiyo duniani ni kati ya 17,000 na 29,000, mengi yakiwa madogo na yakitegemea sana watu wa kujitolea. Kwa upande wa vitabu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilianzisha shirika lake la uchapishaji huria mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Athabasca cha Kanada, ambacho ni chuo cha elimu ya masafa, kikafuata mwaka 2007, na UCL Press ya London ikaanza kazi mwaka 2015 kama shirika la kwanza la chuo kikuu nchini Uingereza kutoa vitabu vyake vyote kwa njia hiyo. UCL Press iliwekwa chini ya maktaba ya chuo, na uamuzi huo wa kiutawala ni mzito kuliko unavyoonekana, kwa kuwa maktaba haiulizwi kila Juni imepata faida kiasi gani, huulizwa imewahudumia wasomaji vipi. Nakala za karatasi bado huuzwa kwa wanaozitaka, mara nyingi kwa utaratibu wa kuchapa nakala pale tu inapoagizwa, ili bohari isijae vitabu vinavyoliwa na mchwa.

Afrika Mashariki haianzii patupu katika jambo hili. Jarida la Kiswahili, linalotolewa leo na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina ukoo unaorudi nyuma hadi taarifa zilizoanza kutolewa mwaka 1930 na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka huohuo kusanifisha Kiswahili, na Swahili Forum, lililozaliwa mwaka 1994 huko Köln nchini Ujerumani, kwa miaka mingi limesomwa mtandaoni bila malipo na watu wa Zanzibar sawasawa na wa Leipzig. Mfano unaogusa zaidi ni wa kitabu cha Ruth Finnegan kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, kilichotolewa na Oxford mwaka 1970, kikawa msingi wa kozi nyingi za vyuo vya bara hili, kisha kikaadimika madukani hata wahadhiri wakawa wanafundisha kwa nakala za mashine zilizofifia. Mwaka 2012 Open Book Publishers ya Cambridge, shirika dogo lililoanzishwa na wanataaluma wenyewe, ilikitoa upya kwa ufikiaji huria baada ya wasomaji kuchanga takriban dola 7,500 kupitia mtandao wa Unglue.it. Kiasi hicho ni kama nusu tu ya gharama ya chini kabisa iliyotajwa hapo juu, na sababu ni dhahiri: kitabu kilikuwa tayari kimehaririwa, kimepitiwa na kimethibitishwa na miaka 40 ya matumizi. Mswada mpya hauna akiba hiyo.

Kazi inayofanywa na shirika dogo kwa mswada mpya yafaa itazamwe kwa karibu, kwa sababu ndiyo isiyoonekana. Tuseme mswada wa Kiswahili kuhusu methali za wafugaji umepitishwa na bodi. Mwandishi, ambaye aliuandika kwa kompyuta tatu tofauti kwa muda wa miaka minne, ameandika ng'ombe kwa alama tatu: mahali pengine kwa kibainishi kilichonyooka, pengine kwa kilichopinda, na pengine kwa mkwaju mdogo ulio pembeni ya kibodi. Macho ya msomaji hayaoni tofauti, lakini mashine ya kutafutia huweza kuzihesabu kuwa herufi tatu mbalimbali, hivyo mtafiti atakayeandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia atapata theluthi moja ya mahali lilipo na kudhani amemaliza. Kibainishi kikidondoka kabisa, kung'oa hubaki na ngoa ndani yake, na ngoa ni wivu. Baada ya hapo huja ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari, ambapo programu ya kupanga kurasa, ikiwa imeachwa katika kanuni za Kiingereza, huweza kukata nyumba kuwa nyum-ba, ilhali silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu na mkato halali ni nyu-mba. Kusahihisha mambo hayo katika kurasa 300 ni kazi ya siku kadhaa, na anayeifanya vizuri hashukuriwi na mtu, kwa kuwa matokeo ya kazi yake ni kutoonekana kwa kitu chochote.

Inafuata metadata, yaani taarifa za utambulisho zinazoambatana na chapisho ili maktaba na mitambo ya kutafutia ilijue: jina la mwandishi, mada, lugha, mwaka, muhtasari na maneno ya msingi. Kitabu kisichokuwa na metadata nzuri kipo mtandaoni kama sindano ilivyo ghalani. Fomu za mifumo mingi hudai jina la mwandishi ligawanywe sehemu mbili, jina la kwanza na jina la ukoo, na dai hilo limejengwa juu ya desturi za mahali pengine. Muyaka bin Haji hana jina la ukoo kwa maana hiyo, wala Mwana Kupona binti Msham, kwani bin na binti hutaja mzazi na wala si kizazi. Na Warundi na Wanyarwanda wengi wana majina ambayo hayapokezwi kutoka baba hadi mtoto. Mfanyakazi mwenye haraka akiweka Haji penye kisanduku cha ukoo, mshairi wa Mombasa hupangwa pamoja na Haji wengine wote wa dunia, na kazi yake hupotea hapohapo ilipowekwa ionekane. Tangu 2012 upo utaratibu uitwao ORCID unaompa kila mtafiti namba ya tarakimu 16, nao husaidia kwa walio hai, ingawa kwa waliokwisha kufariki uamuzi hubaki kwa mhariri anayejua majina ya watu wake.

Suala la leseni linahitaji uangalifu mwingine. Leseni ni tamko la kisheria linaloeleza msomaji anaruhusiwa kufanya nini na maandishi, na zinazotumika sana ni zile za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 2002. Ile iliyo pana kuliko zote humtaka mtumiaji amtaje mwandishi tu. Nyingine huongeza masharti, na masharti mawili kati ya hayo yana matokeo makubwa kwa msomaji wa Kiswahili. Sharti la kwanza hukataza kutoa kazi iliyobadilishwa, na kwa kuwa tafsiri huhesabiwa kuwa kazi iliyobadilishwa, kitabu chenye sharti hilo kinaweza kusomwa bure na mtu yeyote Bukavu au Muscat lakini hakiwezi kutolewa kwa Kiswahili bila ruhusa mpya. Waandishi wengi hulichagua kwa hofu ya kuharibiwa maneno yao, bila kujua kwamba wameifungia lugha mlango. Ni wajibu wa shirika kuwaeleza kabla hawajatia saini, na ni maoni ya mhadhara huu kwamba shirika la chuo cha Afrika Mashariki halina sababu ya kulikubali sharti hilo isipokuwa katika hali za pekee, kama vile maandishi ya dini au simulizi za jamii iliyoomba zihifadhiwe zilivyosemwa.

Sharti la pili hukataza matumizi ya kibiashara, na hapo huingia steshenari. Nje ya lango la karibu kila chuo kuna kibanda chenye mashine ya kudurufu, ambapo mwanafunzi huleta faili kwenye simu au flashi, hulipa kwa ukurasa, na kuondoka na sura mbili zilizobanwa kwa pini. Mwenye kibanda anafanya biashara. Je, amevunja leseni? Swali hilo liliwahi kufikishwa mbele ya mahakama za rufani za Marekani, pale shirika la Great Minds, lililotoa vitabu vya hisabati kwa leseni ya aina hiyo, lilipozishtaki kampuni za kudurufu FedEx Office na Office Depot. Hukumu za mwaka 2018 na 2019 zilisema kwamba shule inayoruhusiwa kunakili kwa ajili ya kufundishia inaweza kumlipa mtu mwingine aifanyie kazi hiyo ya mikono, na mwenye mashine havunji leseni kwa kuwa ni mkono wa shule tu. Hukumu za Marekani hazizifungi mahakama za Nairobi wala Dar es Salaam, lakini mantiki yake inafaa kuandikwa kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa wa haki wa kila kitabu, ili mwenye steshenari asitishwe na mtu, naye asianze kutengeneza majalada na kuuza kitabu kizima kama bidhaa yake.

Mapitio ya wanataaluma wenza, yaani utaratibu wa kuwapa mswada wataalamu wawili au zaidi wautathmini bila kujulishwa jina la mwandishi, yana ugumu wake katika fani ndogo. Katika isimu ya Kiswahili au historia ya pwani wataalamu wanafahamiana, wamefundishana na wamewahi kugombana, na mtu akisoma kurasa tatu tu hutambua ni nani aliyeandika. Kuficha majina hapo ni heshima zaidi kuliko kinga. Shirika la chuo huongezewa tatizo la kuwachapisha wahadhiri wa chuo hichohicho, na kwa hiyo hushukiwa kuwa njia ya kupandishana vyeo. Dawa inayofanya kazi ni ya kizamani: bodi yenye watu wa nje wanaoweza kusema hapana bila kukutana na mwandishi kantini siku inayofuata, na takwimu za miswada iliyokataliwa zikatangazwa kila mwaka.

Faili lenyewe nalo ni suala la haki. Msomaji wa kawaida wa vitabu hivi hana kompyuta ya mezani, ana simu, na ananunua bando kwa saa au kwa siku. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kama faili la megabaiti 80 kimetangazwa kuwa huria, ila kwake kina bei, na bei hiyo humrudia kila mtandao unapokatika katikati ya kupakua. Tena kurasa za picha hazisomeki na programu zinazowasomea wasioona, wala neno lililomo halitafutiki. Kitabu hichohicho kikitayarishwa kwa maandishi halisi, kikagawanywa sura kwa sura, na kikatolewa pia kwa umbo la EPUB ambalo maandishi yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo, hupungua ukubwa mara nyingi. Kila umbo hupewa ISBN yake, yaani ile namba ya kimataifa ya kitabu. Kwa Tanzania hiyo huombwa kwa maktaba ya taifa na haina mengi ya kuzungumzwa.

Linalobaki ndilo refu kuliko yote, nalo ni muda. Kitabu cha karatasi kikishauzwa, mchapishaji anaweza kufilisika na kitabu kikaendelea kukaa rafuni mwa mnunuzi. Kitabu cha mtandaoni hukaa kwa mchapishaji, na seva ikizimwa kimezimika kwa wote kwa wakati mmoja. Kwa ajili hiyo kila chapisho hupewa DOI, utambulisho wa kudumu unaoanza kwa namba kumi ikifuatwa na nukta (10.), ambao husajiliwa kupitia taasisi kama Crossref, iliyoanzishwa mwaka 2000 na ambayo tangu Januari 2023 imewaondolea ada wanachama wa nchi kadhaa zenye uwezo mdogo, Tanzania ikiwemo. DOI haidumu yenyewe, bali hudumishwa: chuo kinapobadilisha anwani ya tovuti yake, kama vyuo hupenda kufanya kila anapokuja mkuu mpya wa idara ya mawasiliano, ni lazima mtu aingie kwenye daftari la Crossref na kubadilisha anwani za machapisho yote, moja baada ya jingine au kwa mkupuo. Programu za kuendeshea kazi hiyo, kama Open Journal Systems iliyotengenezwa Kanada na mradi ulioanzishwa na John Willinsky mwaka 1998, hazina bei, lakini huhitaji kusasishwa, na toleo lililoachwa miaka mitano bila kusasishwa huingiliwa na wahalifu wanaopachika matangazo ya kamari katikati ya makala za elimu.

Kwa hiyo hati ya kwanza ambayo shirika dogo linapaswa kuiandika, kabla ya nembo na kabla ya hafla ya uzinduzi, ni karatasi moja yenye orodha ya akaunti zake: ya DOI, ya seva, ya jina la kikoa, ya hifadhi ya nakala iliyo nje ya nchi. Mbele ya kila akaunti huandikwa tarehe ya kulipia na barua pepe iliyotumika kuisajili, na barua pepe hiyo iwe ya ofisi, si ya mhadhiri ambaye alijitolea miaka kumi iliyopita, akastaafu, akarudi kijijini kwake, na sasa ndiye mtu pekee duniani anayejua nywila.